Eli ya Bomba kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Mnywaji wa Magharibi mwa Kenya

Mtu aliyezoea chupa ya Tusker baridi akiwekewa mezani glasi ya eli (ale) kutoka kwenye bomba, kwa kawaida hulalamikia mambo mawili: haijapoa vya kutosha, na ni chungu. Malalamiko yote mawili yana ukweli. Ila bia hii ilipikwa iwe hivyo, na anayeinywa kwa mikupuo mikubwa ya kukata kiu ataona pesa zake zimekwenda bure. Mwongozo huu ni wa mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma anayetaka kujaribu eli iliyopikwa hapa nchini, kwenye mkahawa, bila kujifanya mjuzi na bila kuona haya kuuliza.

Kabla ya yote: unaagiza nini?

Kwenye menyu utaona neno Ale limeandikwa baada ya Pale, Brown au Wheat. Tofauti kubwa ya eli na laga, yaani bia za aina ya Tusker, iko kwenye hamira. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi za Selsiasi, kisha bia hulazwa wiki kadhaa itulie. Ndiyo maana laga huwa safi mdomoni na haina mambo mengi. Hamira ya eli hupenda nyuzi 15 hadi 24, humaliza kazi yake mapema, na njiani huacha harufu za matunda na viungo. Usidhani kwamba mpikaji wa eli wa Kisumu anaacha tu matangi yake wazi: mchana wa huku hufika nyuzi 30, na joto hilo likiachiwa hamira, bia hutoka na ukali wa kuchoma koo. Lazima apoze.

Kama umewahi kunywa Guinness, basi eli umeshainywa. Guinness ni stauti (stout), na stauti ni ya ukoo huo.

Na kama ulikulia Vihiga, Siaya au Bungoma, huenda unajua zaidi ya unavyodhani. Busaa hupitia njia ileile kwa sehemu kubwa. Unga wa mahindi hulowekwa na kuachwa uchache, hukaangwa kwenye bati juu ya moto hadi unukie, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, hamira hugeuza sukari kuwa pombe. Mpikaji wa eli hutumia kimea cha shayiri, nafaka inayolimwa kule Mau Narok na Timau, na kimea chake hukaushwa au kukaangwa kwa viwango tofauti ili kupata rangi na ladha anayoitaka. Kinachotenganisha vinywaji hivi viwili hasa ni hopsi, maua yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea. Hopsi ndiyo inayoleta uchungu, ndiyo inayoleta harufu ya ganda la chungwa au ya majani, na ndiyo inayozuia bia isiharibike haraka. Busaa haina hopsi. Hulindwa na uchachu wake, na hata hivyo haikai siku nyingi.

Hopsi huhitaji siku ndefu za kiangazi ili ichanue vizuri. Sisi hapa ikweta inatupitia Maseno, mchana na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima, kwa hiyo hopsi huagizwa kutoka nje. Hiyo ni sababu moja ya glasi ya eli kuwa na bei inayokufanya uitazame menyu mara mbili.

Jambo moja la kuepusha mkanganyiko: ukimwambia mhudumu wa magharibi kwamba unataka kegi, wengi watafikiria Senator, ile bia ya mtama iliyoingia sokoni mwaka 2004 na inayotengenezwa kwa wingi katika kiwanda cha Kisumu tangu kilipozinduliwa upya mwaka 2019. Senator ina heshima yake na wakulima wa mtama wanaijua. Lakini kegi ni chombo tu, na chochote kinaweza kutiwa humo. Taja jina la bia yenyewe, au sema unataka bia ya bomba ya kiwanda kidogo.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Nenda siku ya kazi, jioni mapema. Ijumaa usiku mhudumu wa kaunta hana nafasi ya kukueleza chochote, na muziki utakufanya upige kelele ukiuliza habari za hamira. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile wengi wanaiita sheria ya Mututho, inaziruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Leseni za hoteli na mikahawa hutofautiana, kwa hiyo piga simu uulize. Beba kitambulisho hata kama una ndevu. Umri wa kuuziwa ni miaka 18.

Kula kitu kabla. Usijipake manukato mengi, maana nusu ya kazi ya leo itafanywa na pua. Gari liache nyumbani.

Hatua ya 2: Kaa kaunta, kisha uliza

Meza ya pembeni ni nzuri kwa mazungumzo ya wapenzi. Wewe leo unataka kuona mabomba, kuona glasi zinavyooshwa, na kuwa karibu na mtu anayemimina. Salamu kwanza, maswali baadaye. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Dada, habari ya jioni. Bia zenu za bomba leo ni zipi, na zinapikwa wapi?"

"Tuko na tatu. Kuna ya ngano, kuna pale ale, na stout."

"Ipi inaisha haraka?"

"Hiyo ya ngano. Kegi yake tumefungua jana."

"Basi nionjeshe kidogo ya ngano na kidogo ya pale ale, halafu nitaagiza."

Swali la ipi inaisha haraka lina thamani kuliko swali la ipi ni tamu. Utamu ni wa mdomo wa mtu, lakini kegi inayotoka haraka ni kegi ambayo haijakaa. Bia yenye hopsi nyingi hupoteza harufu yake kabla ya kitu kingine chochote, na ikishakaa sana kinachobaki ni uchungu mtupu. Ukiweza, uliza pia mabomba husafishwa baada ya muda gani. Kila wiki mbili ndiyo desturi nzuri. Mhudumu akijibu bila kusitasita, uko mahali pazuri. Akikutazama kama umemuuliza umri wa mama yake, agiza soda na chakula, hakuna aliyekulazimisha.

Hatua ya 3: Agiza ndogo, anzia nyepesi

Mikahawa mingi yenye bia za aina hii huwa na vionjo, glasi ndogo za mililita 100 hadi 150 zinazopangwa kwenye kibao. Chukua hivyo. Kama hawana, agiza glasi ndogo ya mililita 300 badala ya nusu lita. Kuna sababu ya joto pia: kwa Kisumu, nusu lita ikikaa mezani dakika 20 mwisho wake huwa vuguvugu, na mnywaji mgeni hunywa polepole. Nakuru, huko juu kwenye mita 1,850 hivi, una muda zaidi.

Soma namba mbili kwenye menyu. Ya kwanza ni asilimia ya pombe, yaani ABV. Ya pili, ikiwepo, ni IBU, kipimo cha uchungu. Laga tulizozoea huwa na IBU kati ya 10 na 20 hivi. Pale Ale huenda 30 hadi 50, na IPA (India Pale Ale), eli yenye hopsi nyingi, hupanda hadi 70 au zaidi. Mgeni asianze na IPA. Najua rafiki yako aliyetoka Nairobi atakuambia ndiyo bia ya wanaojua. Mwache anywe yeye.

Mpangilio ninaopendekeza ni wa ngano kwanza, kisha Pale Ale au ya rangi ya kahawia, kisha stauti, na IPA mwisho kabisa ikiwa bado una hamu. Ukianza na iliyo chungu zaidi, zinazofuata zote zitaonekana maji. Agiza na maji ya kunywa, ya kawaida, yasiyo ya barafu.

Kuhusu lile swali letu la Kenya, moto au baridi: hapa halina kazi. Bia ya bomba hutoka na ubaridi uliopangwa na mashine. Eli nyingi hunoga kati ya nyuzi 7 na 13, wakati laga hutolewa kwenye 3 hadi 5. Ikiwa glasi imeletwa na barafu ukingoni, ishike kwa viganja viwili dakika chache. Ubaridi mkali huziba harufu na kuulaza ulimi.

Hatua ya 4: Itazame, lakini usikae hapo

Povu la vidole viwili ni zuri. Usiombe mhudumu alitoe ili ujaziwe. Harufu inakaa humo. Ukungu ndani ya glasi si uchafu. Bia za viwanda vikubwa huchujwa hadi zing'ae, hizi ndogo mara nyingi hazichujwi, na ya ngano lazima iwe na ukungu. Kinachotakiwa kukutia shaka ni viputo vilivyoganda kwenye kuta za glasi kama shanga: hapo glasi ina mafuta au sabuni. Omba nyingine.

Hatua ya 5: Nusa, kwa sababu hapa ndipo penye bia

Zungusha glasi kidogo, ingiza pua, vuta pumzi fupi mbili. Fanya hivi kabla ya kuonja. Watu wa meza ya pili watakuangalia, wazoee.

Tafuta harufu kwa vyanzo vitatu, usijaribu kuzikamata zote kwa pamoja. Kimea kwanza. Kwenye eli ya rangi ya dhahabu utapata mkate uliotoka kuokwa, biskuti, pengine uji wa wimbi usiotiwa sukari. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo unavyokaribia karameli, kisha kahawa na kakao. Stauti ina shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, na mtu aliyewahi kusimama karibu na bati la busaa wakati unga unakaangwa ataitambua harufu hiyo mara moja, hata kama hajawahi kushika glasi ya stauti.

Kisha hopsi: ganda la chungwa au la ndimu, nyasi zilizokatwa, embe, wakati mwingine utomvu wa msonobari. Inategemea aina ya hopsi na ni lini ilitiwa. Iliyochemshwa muda mrefu huacha uchungu, harufu yake hupotea na mvuke. Iliyotiwa mwishoni, au baada ya bia kupoa, huacha harufu. Ndiyo maana unaweza kukutana na bia yenye harufu kali ya matunda ambayo si chungu sana, na nyingine chungu isiyonukia kitu.

Mwisho hamira. Kwenye bia ya ngano ya mtindo wa Ujerumani utanusa ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu humo. Hamira yenyewe ndiyo iliyozitengeneza ilipokuwa ikila sukari, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika biashara nzima ya bia. Mwonjeshe mtu asiyejua, umwambie atafute karafuu. Atakubishia kwamba wameweka viungo vya pilau.

Hatua ya 6: Onja mara tatu kabla ya kutoa hukumu

Funda la kwanza ni la kuusafisha mdomo tu. Ulimi utapiga kelele kuhusu uchungu, usiusikilize. Funda la pili lizungushe mdomoni, umeze, kisha toa pumzi kwa pua. Harufu itarudi kutoka nyuma ya koo, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni hiyo. Bia haitemwi kama waonja mvinyo wanavyofanya. Sehemu ya uchungu huonekana baada ya kumeza, na uchungu ulio mzuri hukaa kidogo kisha huondoka. Ukibaki umekwaruza ulimi dakika nzima, haijalingana.

Funda la tatu ndilo la hukumu. Jiulize maswali mawili pekee: nataka lingine? Na ninataka na chakula gani? Ikiwa hutaki lingine, sema hivyo, nenda kwenye kionjo kinachofuata. Bia ya kuonja haimalizwi kwa adabu.

Hatua ya 7: Ikiwa kuna kasoro

Harufu ya siki kwenye bia isiyokusudiwa kuwa chachu mara nyingi hutokana na bomba chafu. Harufu ya siagi iliyoyeyuka, kama bisi za sinema, ama ni bia iliyotolewa kabla hamira haijamaliza kazi au bakteria kwenye mabomba. Harufu ya kartoni iliyoloa ni bia iliyozeeka au iliyoingiwa na hewa. Kabichi au mahindi yaliyochemshwa ni kosa la jikoni kwa mpikaji.

Usipige meza. Sema, "Kaka, hii naona ina siki kidogo, hebu inuse." Mhudumu mzuri ataonja na kukubadilishia. Uliza kwanza kama bia hiyo ilikusudiwa kuwa chachu, maana zipo za namna hiyo, na kusema kweli mtu wa busaa huzipenda upesi kuliko mnywaji wa laga.

Hatua ya 8: Leta chakula

Hapa Kisumu ina bahati. Tilapia wa kukaanga mkavu, ngozi ikiwa inavunjika, na Pale Ale ya uchungu wa wastani: hopsi hukata mafuta, na mapovu huusafisha mdomo kabla ya tonge linalofuata. Samaki huyohuyo akiwa wa mchuzi wa nyanya, na ndimu pembeni, mpe bia ya ngano. Omena waliokaangwa hadi wakauke ni kitafunio bora cha eli kuliko karanga, na sielewi kwa nini mikahawa ya bei ghali inaona haya kuwaweka kwenye menyu. Nyama choma inataka bia ya kahawia au stauti, kwa sababu ile sehemu iliyoungua kidogo ya nyama na kimea kilichokaangwa hukutana. Kuku wa kienyeji wa mchuzi mzito, vivyo hivyo.

Mnavu ni chungu wenyewe. Ukiuweka na IPA unapata uchungu juu ya uchungu, na ugali hauwezi kuokoa hali hiyo. Pilipili nayo ihurumie: IPA kali huongeza moto wa pilipili badala ya kuuzima. Kama kachumbari yao ina pilipili za kuwasha, rudi kwenye ya ngano.

Hatua ya 9: Hesabu mwenyewe

Kwenye baa za kwetu chupa tupu huachwa mezani, na bili huhesabiwa kwa macho. Bia ya bomba haina chupa. Glasi ikiisha inachukuliwa, inaoshwa, inarudi na nyingine, na baada ya saa mbili hakuna ushahidi wowote mezani wa ulichokunywa. Hili huwapotosha wageni kwa njia mbili: bili huja na namba wasiyoitambua, na kichwa nacho huja na uzito wasioutegemea. Omba risiti ya kila oda, au andika kwenye simu.

Andika na asilimia. Nusu lita ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Glasi ndogo ya mililita 300 yenye asilimia 7 ina karibu gramu 17, ingawa kwa macho inaonekana nusu ya ile. Mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, kwa hiyo glasi moja kubwa ni kazi ya saa mbili au zaidi. Chai, kahawa na maji baridi ya usoni havibadilishi hesabu hiyo. Polisi wenye alcoblow, kile kipimo cha pombe kwenye pumzi, nao wanaijua.

Raundi ni mtego. Ukiwa na marafiki wanaonunuliana kwa zamu, utajikuta na glasi tatu mbele yako zinazopata joto. Waambie mapema kwamba leo unaonja, kila mtu alipe yake. Wakikasirika, wanunulie omena.

Hatua ya 10: Ukitaka kubeba nyumbani

Baadhi ya mikahawa hujaza bia ya bomba kwenye chupa kubwa yenye kifuniko. Kubali tu ikiwa chupa imeoshwa mbele yako na ni ya kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu mwanga wa jua huharibu hopsi haraka na kuacha harufu mbaya ya mnyama. Ishike wima kwenye boda, umwambie dereva aende taratibu kwenye matuta, na ukifika iweke kwenye friji ikiwa imesimama. Ikiwa haijafunguliwa, inywe ndani ya siku mbili tatu. Ukishaifungua, imalize jioni hiyohiyo, maana kesho yake gesi itakuwa imetoka, na kitakachobaki kinafaa kulowekea nyama kabla ya kuchoma.